Gesti ya Mjerumani

Nimekuwa kimya kwa zaidi ya wiki mbili, na wachache mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikwenda nyumbani Ngara kwenye arobaini ya baba mdogo, na huko kwetu si mahali pa kwenda Ijumaa ukarudi Jumapili. Nikiwa narudi Mwanza, basi tulilopanda likafa tukiwa tumeshaipita Nyakahura. Dereva alisema ni rejeta, utingo akasema ni pampu, abiria mmoja akasema ni uzee tu. Tulikaa kando ya barabara kuanzia saa saba mchana mpaka giza likaingia, tukihesabu malori ya makontena yanayokimbilia Rusumo. Nilipofika Biharamulo kwa gari la kuomba ilikuwa saa tatu usiku, nina vumbi hadi kwenye nyusi.

Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Kaka, nikupeleke gesti gani?"

Nikamwambia, "Nipeleke kwa Mjerumani."

Hakuniuliza Mjerumani gani. Aliwasha pikipiki tukaanza kupanda kilima. Hilo ndilo lililonifanya niandike haya leo. Mjerumani wa mwisho mwenye amri katika mji ule aliondoka mwaka 1916. Zaidi ya miaka mia imepita, tumetawaliwa na Mwingereza, tukapata uhuru, tumebadilisha marais sita, lakini kijana aliyezaliwa juzi tu bado ananipeleka "kwa Mjerumani", na mimi mwenye digrii yangu ndiye niliyemwelekeza hivyo.

Kwa wale ambao hawajafika: Boma la Biharamulo liko juu ya kilima, mji umelala chini yake. Ni ngome ya Wajerumani iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, ina kuta nene na ua katikati, na kwa miaka mingi imetumika kama nyumba ya wageni. Usitegemee lifti. Lakini kama unatafuta hoteli kongwe katika pembe hii ya Kagera, kati ya Ngara na Biharamulo, ndiyo hiyo. Wasomaji wangu wengi mko Dar na Mwanza. Mkisikia "hoteli ya kihistoria" mnafikiria Mji Mkongwe Zanzibar au ile New Africa ya pale Posta. Hakuna anayefikiria Biharamulo.

Mapokezi nilimkuta mama mmoja mtu mzima aliyejifunga khanga begani. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, pole na safari," kisha akanisogezea daftari. Mnaolala gesti za mikoani mnalifahamu daftari hilo. Lina mistari iliyochorwa kwa rula: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, idadi ya siku, sahihi. Nikaandika Mhangaza, mwandishi wa habari, Ngara, Mwanza, siku moja. Nilipofika kwenye kabila nilisita kidogo, kama ninavyosita siku zote. Anataka kujua kabila langu la nini? Nitalala vibaya zaidi nikiwa Mhangaza kuliko nikiwa Msukuma?

Nikiwa chumbani usingizi ulikataa. Nikabaki nalitafakari lile daftari. Maswali yale ni ya zamani sana katika nchi hii, ni ya zamani kuliko boma lenyewe.

Turudi nyuma hadi mwaka 1861. Eneo ambalo leo ni Biharamulo na sehemu ya Ngara lilikuwa ufalme wa Usubi, na wasafiri wa pwani wakaliita Usui. Mtawala wake aliitwa Suwarora. Mwishoni mwa mwaka huo akaja Mwingereza John Hanning Speke akiwa na mwenzake James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile, pamoja na msafara wa wapagazi na kiongozi wao Sidi Mubarak Bombay. Shuleni tulifundishwa kwamba Speke "aligundua" chanzo cha Nile. Hatukufundishwa kwamba kabla ya kugundua chochote alikwama Usui, akisubiri ruhusa ya kupita. Watu wa Suwarora walimuuliza maswali yaleyale ya daftari la yule mama. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unakwenda kwa nani? Halafu wakamdai hongo.

Nifafanue, maana siku hizi hongo ni rushwa na mwandishi wa habari hapaswi kuitetea. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba, na kila mtawala kwenye njia ya misafara alikuwa na kiwango chake. Speke alilalamika sana kuhusu Usui. Aliona anaibiwa, anacheleweshwa makusudi, na maofisa wa mfalme wanagombania kila mmoja fungu lake. Alilipa, na aliondoka bila kumwona Suwarora hata mara moja. Mfalme hakuona sababu ya kutoka ndani ili amtazame mgeni. Safari ikaendelea hadi Karagwe, na huko Rumanika akampokea Speke vizuri sana. Ndiyo maana vitabuni Rumanika anaitwa mfalme mwema mwenye busara na Suwarora anaitwa mlafi. Sifa za wafalme wetu ziliandikwa na wageni, kulingana na walivyotozwa.

Mimi ninamwona Suwarora kwa namna nyingine. Alikuwa mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayeuliza maswali, na mgeni ndiye anayelipa. Hata ile gesti ambayo vitanda vyake vina kunguni inaendeshwa kwa utaratibu huo.

Utaratibu huo uligeuka miaka thelathini baadaye. Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa Misri huko Ekwatoria, alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alivuka mto Kagera pale Rusumo akaingia Rwanda. Wakati huo Usubi ulikuwa na mtawala mwingine, Kasusura, na msafara wa Kizungu haukuwa tena watu wachache wanaoomba njia. Götzen huyohuyo akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, na boma letu ni la zama hizo. Waliotazama ramani waliona kwamba kilima cha Biharamulo kiko katikati ya njia za Bukoba, Mwanza, Rwanda na Burundi. Mwenye kukaa juu yake anamwona kila anayekuja.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni ilipofika siku ya tatu yeye ndiye aliyempa mwenyeji jembe. Maboma ya Kijerumani hayakujengwa na Wajerumani kwa maana ya kubeba mawe. Mtu mmoja au wawili weupe walikuwa na mchoro, askari wakawa na viboko, na nguvu kazi ikatolewa na watawala wa kienyeji walioagizwa kuleta watu. Kodi ya nyumba ilikuwa imewekwa kisheria tangu 1898, na ingawa haikufika kila mahali kwa siku moja, popote ilipofika asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho. Hivyo ndivyo zilivyojengwa barabara na ngome nchi nzima. Sina haja ya kupamba. Ukuta wa chumba nilicholala ulikuwa mnene kiasi kwamba nilipoweka mkono dirishani kiwiko hakikufika upande wa nje. Mtu fulani alibeba kila jiwe la ukuta ule kupanda kilima kilekile ambacho mimi nimekipanda kwa bodaboda nikalalamika bei.

Sasa hebu tuhamie Dar es Salaam kwa muda, maana kulinganisha kunasaidia. Mwaka 1906 ilifunguliwa pale hoteli ya kifahari iliyoitwa Kaiserhof. Angalia mwaka wenyewe: vita vya Maji Maji vilikuwa vinaendelea kusini, Götzen yuko madarakani na mashamba yanachomwa moto, na mjini mabwana wanapata hoteli ya kunywea bia baridi. Boma la Biharamulo na Kaiserhof ni watoto wa utawala mmoja na wa miaka ileile. Mmoja alizaliwa ngome, mwingine alizaliwa hoteli.

Baada ya vita Kaiserhof ikabadilishwa jina ikawa New Africa. Sijui kama aliyechagua jina hilo alijua anatabiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliokimbilia Dar walikuwa wakikaa kwenye baraza lake, na mwandishi wa habari wa Kipoland, Ryszard Kapuściński, aliyekuwa akiishi Dar siku zile, alipaandika kama mahali ambapo habari zilipatikana kabla hazijawa habari. Kila ninapofikiria baraza lile naona wivu wa kikazi. Siku hizi ukitaka habari unasubiri taarifa kwa vyombo vya habari kwenye WhatsApp, imeshahaririwa na msemaji.

Jengo lile halipo tena. Lilivunjwa, na pale lilipokuwa pamesimama jengo jipya la ghorofa lenye jina lilelile la New Africa. Mfanyabiashara akinywa kahawa pale leo hana ukuta wa kuugusa akajiuliza nani aliujenga. Biharamulo mambo yamekwenda kinyume. Ukuta upo, watu wanalala ndani yake, lakini hakuna kibao chenye kueleza lolote zaidi ya kwamba ni la Mjerumani.

Na Mjerumani mwenyewe alikaa muda gani? Hata miaka ishirini haikufika. Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliyotokea Rwanda na Burundi, chini ya jenerali Charles Tombeur, yaliingia Biharamulo. Ninasema majeshi ya Ubelgiji, ila askari walikuwa Wakongo, na nyuma yao maelfu ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa. Mwezi uliofuata Waingereza wakaichukua Mwanza, na Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Wageni wa boma walibadilika ndani ya wiki chache. Walioondoka hawakulipa, na walioingia hawakujiandikisha.

Hapa kuna jambo ambalo sisi watu wa Ngara tunapaswa kulikumbuka zaidi. Baada ya vita, mwaka 1919, Uingereza na Ubelgiji zilikaa chini zikagawana. Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walichora mstari: Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Bugufi, nchi ya babu zangu, ambayo ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi, ikaangukia Tanganyika. Gisaka, upande wa pili wa mto, ikapewa Mwingereza kwa muda kisha ikarudishwa Rwanda kabla mwaka 1924 haujaanza. Kalamu ingeteleza kidogo tu, mimi leo ningekuwa naandika Kirundi na Kifaransa, na kwenye daftari la yule mama ningejaza karatasi nyingine kabisa, ile ya wageni kutoka nje ya nchi.

Mwingereza hakuwa mtu wa kuvunja kilichokwisha kujengwa. Sehemu nyingi za Tanganyika aliingia humohumo katika maboma ya Mjerumani akaweka mafaili yake. Neno lenyewe likahama maana. Boma, ambalo kwa Mswahili wa kawaida ni uzio wa kujikinga au zizi la ng'ombe, likawa serikali. "Nenda bomani" ilimaanisha nenda kwa bwana mkubwa. Mpaka leo watu wakioana kwa mkuu wa wilaya tunasema wamefunga ndoa ya bomani, hata kama ofisi ya mkuu wa wilaya ni jengo la juzi lenye madirisha ya alumini.

Miaka ya Mwingereza huku ilikuwa pia miaka ya ndorobo. Ugonjwa wa malale uliifanya serikali ikusanye watu kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwaweka katika makazi ya pamoja, Biharamulo ikiwa mojawapo ya sehemu hizo. Mashamba yaliyoachwa yakawa msitu, msitu ukawa hifadhi ya wanyama. Tukipita leo kwenye pori la Biharamulo tunadhani limekuwa pori tangu Adamu. Sehemu yake lilikuwa makwao watu. Pori hilo limeunganishwa na ya Burigi na Kimisi, na mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Watalii wakianza kuja kwa wingi, watahitaji mahali pa kulala penye historia, na hilo nitalirudia.

Bibi yangu hakulala kwenye boma lile hata siku moja, ingawa alipita Biharamulo mara nyingi. Nilimuuliza kwenye arobaini ile kama aliwahi kuingia. Aliniangalia kama nimeuliza upuuzi. "Niingie nikatafute nini? Kule waliitwa watu." Kwa kizazi chake huendi bomani kwa hiari. Unaitwa.

Nilikuwa bado sijazaliwa mwaka 1994, lakini katika nyumba yetu mwaka huo unasimuliwa kama vile ulikuwa juzi. Aprili 28 daraja la Rusumo lilifunguka, na ndani ya saa ishirini na nne hivi watu wapatao 250,000 wakavuka kutoka Rwanda kuingia Ngara. Umoja wa Mataifa ulisema haujawahi kuona watu wengi namna hiyo wakikimbia kwa muda mfupi kiasi hicho. Walipelekwa Benaco, mahali palipopewa jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi pale. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Mama anasema ulikuwa ukiamka asubuhi unakuta mti wa jana haupo, umeshakuwa kuni.

Na pamoja na wakimbizi wakaja wafanyakazi wa mashirika, waandishi wa habari wa dunia nzima, madaktari, madereva. Wote walihitaji kitanda. Mji mdogo kama wa Ngara ulikuwa na vyumba vya kuhesabu. Watu walihama kwenye nyumba zao, wakajibana jikoni na kwa ndugu, wakazipangisha kwa dola. Ndipo watu wengi wa kwetu walipojifunza kwamba kulala ni biashara. Kuna gesti Ngara na Biharamulo zilizojengwa kwa fedha za miaka ile miwili, na kuna zilizofungwa baada ya Desemba 1996, wakati karibu nusu milioni ya Wanyarwanda waliporudishwa kwao na magari meupe yakaondoka nyuma yao. Kambi ya Warundi ya Lukole iliendelea mpaka 2008, kisha nayo ikafungwa.

Ninapowaza nani ni mgeni na nani ni mwenyeji wa nchi hii, wale watu 250,000 hawaniishi. Hawakuwa na daftari la kujiandikisha kwa rula. Hawakuulizwa idadi ya siku.

Mwaka 1996 huohuo, Mei 21, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Wengi wa Kagera waliapa kutopanda meli tena, wakahamia kwenye mabasi ya barabara ya Biharamulo. Barabara hiyo nayo ilikuwa na mambo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 majambazi waliteka magari kwenye yale mapori, na mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi wenye silaha, yanasubiriana mpaka msafara ukamilike. Nilikuwa mtoto, nakumbuka askari mmoja amekaa mbele na bunduki katikati ya magoti, amesinzia. Ukichelewa msafara, unalala. Kwa hiyo Biharamulo uliendelea kuwa mji wa kulala watu waliokwama, kama Speke alivyokwama, kama mimi nilivyokwama wiki iliyopita.

Mengine yamehama. Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo, ilipata wilaya yake katikati ya miaka ya 2000 na mwaka 2012 ikaingia mkoa mpya wa Geita. John Magufuli alianza ubunge mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki, kabla halijawa Chato. Alipokuwa rais, macho na lami vilielekea kule. Biharamulo mjini pakabaki na kilima chake.

Sasa nirudi kwenye jambo ninalotaka tulijadili kwa uzito. Nani analilinda boma lile?

Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa sheria hiyo, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linahesabiwa moja kwa moja kuwa kumbukumbu inayolindwa. Lililojengwa baadaye linahitaji waziri alitangaze. (1863, kwa bahati, ndio mwaka ambao Speke alichapisha kitabu chake cha kumsema vibaya Suwarora. Sheria yetu wenyewe inaanza kuhesabu karibu pale mgeni alipoanza kuandika.) Maana yake ni kwamba maboma yote ya Kijerumani, Kaiserhof pia, yamezaliwa upande usio na kinga ya moja kwa moja. Kila moja linategemea mtu fulani ofisini kuona umuhimu wake. Kwa Kaiserhof haikusaidia.

Si kwamba haiwezekani. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, lilikuwa gofu. Shirika moja la Uingereza liitwalo Trade Aid likalikarabati na kuligeuza hoteli inayofundisha vijana wa pale kazi za hoteli. Boma la Iringa limekuwa makumbusho tangu 2016. Na boma la Bagamoyo, mji ambao kila mtalii hufika, sehemu yake iliporomoka baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1990. Mvua haijali kwamba mahali ni maarufu. Boma la Biharamulo limesimama kwa sababu watu wamelala ndani yake. Nyumba inayolaliwa inazibwa paa linapovuja, la sivyo mteja atadai fedha yake. Kwa hiyo mimi si mmoja wa wanaosema ni aibu kuifanya historia gesti. Kitanda kimelinda ukuta kuliko waraka.

Ninachokidai ni kidogo. Wanaomiliki na kuendesha majengo kama yale, iwe serikali au mtu binafsi, waache kuuza "Mjerumani" peke yake. Wajerumani walikaa Biharamulo miaka isiyotosha hata mtoto wa leo kumaliza chuo kikuu. Waingereza walikaa zaidi. Sisi tumekaa zaidi ya wote, tangu Desemba 1961 hadi leo. Kuna Suwarora ambaye alijua kutoza. Kuna waliobeba mawe. Kuna Wakongo wa 1916 waliopanda kilima na bunduki za mtu mwingine. Mwandishi wa habari akiandika habari ya jengo akataja mwenye kiboko pekee, mhariri wangu angeirudisha na kuniuliza, upande wa pili umesemaje? Mtu wa pili amefariki, hana simu, lakini bado ni upande wa pili.

Watakaosema tunahitaji fedha za wafadhili ndipo tuandike kibao cha maneno mia moja, sina la kuwajibu. Rangi na ubao vinauzwa pale sokoni.

Asubuhi niliamka mapema. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, mji hauonekani, zinasikika pikipiki tu na jogoo. Nilizunguka ua nikagusa ukuta kwa nje, nikapiga picha mbili tatu ambazo hazikutoka vizuri. Mzee mmoja alikuwa anafagia majani. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anajua nani alijenga hapa.

"Mjerumani," akasema bila kuacha kufagia.

"Mjerumani mwenyewe, mzee? Alibeba mawe yeye?"

Akasimama, akaegemea ufagio, akacheka. "Ee! Mjerumani abebe mawe? Walibeba watu wa hapahapa." Akanyoosha mkono kuelekea bondeni kwenye ukungu, upande ambao kungeonekana nyumba kama kungekuwa na jua. Kisha akaendelea na majani yake.

Nilirudi mapokezi kurudisha ufunguo. Yule mama alikuwa amefungua daftari ukurasa mpya na anachora mistari kwa rula. Nikamwomba nione kurasa za nyuma kidogo. Alinikazia macho kwanza, akaniuliza kama mimi ni wa usalama, nikamwambia ni mwandishi wa habari tu, akasema ni kitu kilekile, lakini akanipa. Sikusoma majina, si yangu kuyasoma. Nilisoma safu ya unakotoka na unakokwenda. Kahama. Karagwe. Kibondo. Mwanza. Ngara. Geita. Bukoba. Kigali. Wengi waliandika siku moja.

Basi la Mwanza lilikuwa linapiga honi kule stendi.